Mto wa Sufi Chini ya Goti

Kama nyumbani kwako yuko mgonjwa aliyelala na mto umewekwa chini ya goti lake, acha kusoma uende ukautoe kwanza. Atalia, atakuita mkatili, mwache aseme. Ukisharudi ndipo usome, maana haya yangu ni marefu na mguu hausubiri.

Jina langu ni Mejumaa. Nyumba yangu iko upande wa Msambweni, nilikoolewa, na kwetu nilikozaliwa ni Kombani. Ugonjwa wangu ulianza mwaka ule wa mvua za Elnino, kabla mvua zenyewe hazijaanza. Ulianza kwa maumivu nyuma ya paja la kulia, nikadhani nimejitegua nikiteka maji kisimani. Siku ya nne nilikuwa nikitetemeka kwa homa na siwezi kukanyaga chini. Hospitalini waliniambia ni jipu, ila liko ndani ya msuli ndiyo maana halionekani, na jioni ileile wakanipasua. Kwa wiki tatu kila asubuhi muuguzi alivuta utepe wa bandeji kutoka ndani ya tundu la paja langu na kutia mwingine. Kuhusu tundu sitasema zaidi, kwa sababu lilipona vizuri. Lililonitesa ni lililokuja baada yake.

Kwetu mwanamke akiugua sana hurudi kwa mamake, kama anavyorudi kwa uzazi wa kwanza. Wanasema anayekujua uchi tangu utotoni ndiye akuuguze. Basi nilipotolewa hospitalini sikupelekwa kwa mume wangu. Salimu, mume wangu, alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli moja ya Diani, na mwaka ule wageni walikuwa wamekoma kuja, hoteli ikawarudisha wafanyakazi makwao. Alinipeleka Kombani, akarudi kwa mamake alikokuwa mtoto wetu, Zuhura, wa miaka miwili. Mamake Salimu ni Bi. Mwanakombo. Mimi na mavyaa wangu huyo hatukuwa tumepatana tangu siku ya harusi. Alitaka mwanawe amwoe binti wa nduguye, akaletewa mimi. Hakunificha.

Mama yangu, Bi. Riziki, alinipokea kama mtoto mchanga. Niliponyoosha mguu, kidonda kilivuta nikapiga kelele. Nilipoukunja, nilipata nafuu. Mama aliona hilo mara moja. Nyuma ya nyumba yetu kuna msufi, na sufi yake alikuwa ameihifadhi ndani ya gunia. Alishona mto mnene, akautia foronya ya kanga yake ya harusini, akauweka chini ya goti langu. Usiku ule nililala kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe. Mama alikaa kando yangu akisuka ukili wa mkeka, na kila mto ulipobonyea aliuchukua, akaupigapiga, akaurudisha. Sijapata kupendwa vile tena.

Kadi ya hospitali ilisema nirudi baada ya wiki mbili. Mvua zikaanza. Mnazikumbuka zile mvua. Barabara ilikatika, choo chetu kilibomoka, kuku wakafa, na mimi nililala juu ya kitanda cha kamba na goti langu juu ya mto huku maji yakipita chini ya kitanda. Jirani aliniletea mchele wa mwisho aliokuwa nao, na hakutaka kushukuriwa. Nilipofika tena hospitalini ilikuwa Ramadhani, miezi miwili na zaidi imepita, kidonda kimefunga, na mguu wangu ulikuwa umekunjika kama mtu aliyekaa kitini. Ukinisimamisha, kisigino hakifiki chini. Nilibebwa na Salimu kutoka barabarani mpaka ndani, mama akitufuata.

Walitutuma kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, tulichozoea kukiita cha fizio. Nje yake palikuwa na ubao mrefu wa kukalia, na ubao ule nilikuja kuufahamu kuliko kitanda changu. Palikuwa na mzee mmoja wa Funzi aliyepooza upande mmoja, akijifunza kufumbata kwa kubinya ndimu. Alituona tumekaa kimya kwa hofu, akasema, "Huyu mama wa ndani humu, akifa, peponi hawatamtaka na motoni watamwogopa." Kisha akacheka kwa nusu ya mdomo iliyomtii.

Mama wa ndani aliitwa Sista Mueni. Alikuwa mtu wa bara, mfupi, mwenye mikono mipana. Mwezi wa nane mwaka ule watu wa bara wengi walikuwa wamehama huku kwetu kwa sababu ya zile vurugu za kuwafukuza, mnazozijua. Yeye hakuhama. Alinilaza kwenye meza, akaweka ngumi yake chini ya goti langu, halafu juu ya ngumi akaweka ngumi ya pili. Zote mbili zilienea.

"Nani aliweka mto?" akauliza.

Hakuna aliyemtajia mto. Mama yangu alijibu kwa fahari kidogo, "Ni mimi, mwanangu. Alikuwa akiumia."

Nadhani Sista Mueni alikuwa akitafuta namna ya kulisema, na Kiswahili chake hakikuwa na mapambo. "Mama, hiyo mto ndio imemfunga. Hii msuli ya nyuma ikikaa imekunjwa inazoea, inakuwa fupi. Sasa kazi ni kuivuta mpaka ikubali. Tuko na miezi tano, sita. Ikipita hapo, huyu msichana atatembea na fimbo mpaka azikwe."

Mama alishika ncha ya buibui yake akaikunja, akaikunjua.

Sista Mueni alimfundisha palepale, juu ya mguu wangu. Kwanza kitambaa cha maji moto nyuma ya paja. Kisha mafuta ya nazi, na vidole gumba viwili vikipanda kutoka nyuma ya goti mpaka kwenye tako, vikizama, vikitafuta uzi mgumu wa msuli na kuukanda mpaka ulegee. Kovu lenyewe alilikanda kwa kulikatiza kwa vidole, huku na huku. Nilijua uchungu wa uzazi. Huu haukuwa na mapumziko. Mwisho anaweka kiganja juu ya goti na kulisukuma chini, analishikilia hapo, anahesabu mpaka mia. Mara tatu kwa siku. "Atalia," alimwambia mama. "Usiache."

Mama aliacha. Nataka msimame hapa, kwa sababu ndugu wengi wa wagonjwa wataanguka mahali hapahapa. Alianza vizuri, bismillahi, kitambaa, mafuta. Alipofika kwenye kusukuma alihesabu moja, mbili, tatu, nami nikalia, na ilipofika kumi na mbili mikono yake ilijiondoa yenyewe. Alilia kuliko mimi. Alinipangusa uso, akasema tutaendelea alasiri. Alasiri tulifika tisa. Usiku nikimwomba mto alisema Sista amekataza, na nikiomba tena alininyima kwa muda, halafu akaniwekea. Nami niliupokea.

Baada ya Idi tulirudi. Ngumi mbili zilienea kama mwanzo. Sista Mueni hakugomba. Alimgeukia Salimu, akauliza, "Nyumbani kuna nani mwingine?"

"Yuko mamangu," Salimu akasema. Nilifumba macho.

Bi. Mwanakombo alikuja Kombani na pikapu ya kubebea makuti. Kazi yake ni kushona makuti ya kuezekea, na mapaa mengi ya hoteli za Diani yalipita mikononi mwake. Mwaka ule hoteli hazikuagiza kitu, basi mikono ile ilikuwa haina kazi. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kizingiti, akaamkiana na mama kwa adabu zote, akaulizia afya za watu mmoja mmoja hadi kuku. Kisha akasema, "Bi. Riziki, nimekuja kumchukua mke wa mwanangu. Ameugua kwako vya kutosha."

"Bado mgonjwa, dada," mama akasema.

"Ndiyo. Na hapa ataendelea kuwa mgonjwa."

Walinilaza juu ya makuti mabichi nyuma ya pikapu. Mama alileta mto aniwekee chini ya kichwa, angalau kwa safari. Mavyaa aliuchukua mkononi mwake, akautazama ulivyoshonwa, akamrudishia.

Sasa nieleze aibu, kwa sababu madaktari hawaielezi. Mkwe kwetu huwekewa haya. Sikuwa nimewahi kukaa kitako mbele ya mavyaa, wala kula nikiangaliana naye, wala kuvua kanga ya kichwani. Mwanamke huyo sasa alinilaza kifudifudi kwenye mkeka, akanifunua paja hadi juu, akanimiminia mafuta. Siku ile ya kwanza nililia kabla hajanigusa. Alinikunjia ncha ya kanga akanitia kinywani. "Uma hiyo," akasema. "Hapa hakuna mama yako."

Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa miaka ya kuvuta kamba na kukunja makuti juu ya ufito. Aliutafuta ule uzi wa msuli kama anayetafuta mahali kuti lilipopinda, akiupata anaukalia. Kisha akanigeuza, akaweka viganja viwili juu ya goti, akaegemea kwa uzito wake wote. Alihesabu polepole. Nilipopiga kelele hakuacha wala hakuharakisha. Alianza upya kutoka moja. Siku ya kwanza alianza upya mara nane. Sijui kama ni Sista Mueni aliyemfundisha hilo au alilibuni mwenyewe. Kati ya vikao aliniwekea mfuko wa mchanga juu ya goti, akaenda zake uani.

Salimu alikuwa akiona mafuta yanapashwa moto anachukua jembe na kwenda shambani, hata mvua ikinyesha. Sikumsamehe kwa muda mrefu. Afadhali mkono unaokuumiza kuliko mgongo unaoondoka, nilifikiri hivyo wakati ule, na bado nafikiri hivyo siku nikiwa na hasira. Lakini ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli kila Jumanne, mguu wangu ukiwa umefungwa kwenye ubao, akaisukuma kwa mkono mpaka hospitalini.

Lililoniumiza kuliko vidole ni Zuhura. Nilipoondoka alikuwa hajajua kusema vizuri. Niliporudi alikuwa akimwita bibi yake mama. Alisikia vilio vyangu mara tatu kwa siku, akawa ananiogopa. Nilimwomba mavyaa aniletee nimpakate.

"Sikuletei," akasema. Alimketisha mtoto upande wa pili wa uwanja, akampa kifuu cha kuchezea. "Ukimtaka, mfuate."

Nilimfuata kwa matako, nikiburura mguu mchangani. Nilipomkaribia mtoto aliinuka akamkimbilia bibi yake. Mavyaa alimrudisha palepale alipokuwa, akasema, "Kesho tena." Niliomba Mungu amwondoe duniani mwanamke yule. Nasema kweli. Niliomba kwa jina lake na jina la mamake.

Mwezi wa kwanza wa kukandwa ukaisha, ngumi mbili zikawa ngumi moja na vidole vitatu. Kaskazi ilikatika, mvua za masika zikaanza, ikawa ngumi moja na vidole viwili. Mzee wa Funzi alikuwa sasa anaweza kuishikilia ndimu mpaka ikatoa maji, na siku hiyo alinipa ile ndimu niinuse, maana alijua ninakwenda kuingia. Niliingia nayo. Ni kitu kidogo, lakini mpaka leo nikinusa ndimu moyo hunitulia.

Katikati ya masika mama alikuja kuniona. Hakutoa habari. Alikuja wakati wa kikao cha alasiri, akanisikia tangu njiani. Aliingia uwanjani na viatu mkononi kwa matope, akanikuta kwenye mkeka, kanga kinywani, na mavyaa ameegemea goti langu akiwa amefika arubaini na kitu.

"Mwache," mama akasema. "Nakuomba kwa Mungu, mwache mwanangu."

Mavyaa aliendelea kuhesabu mpaka mia. Ndipo aliposema, bila kuinua macho, "Mchelea mwana kulia hulia yeye, Bi. Riziki. Wewe ulimkunja, mimi ninamkunjua. Kaa utazame, au nenda."

Mama alinipigia magoti mimi, akanitoa kanga kinywani, akasema, "Mejumaa, inuka twende zetu. Nitakuuguza hivyo hivyo ulivyo. Hata usipotembea, nitakuchukua mgongoni."

Nilijua anasema kweli. Angenichukua. Ndicho nilichoogopa, kwamba nikisema ndiyo nitapata usingizi usiku ule, na mto, na mkono wa mama kichwani, na sitasimama tena maisha yangu. Na Zuhura alikuwa upande wa pili wa uwanja akitutazama. Ningeweza kusema hapana kwa upole. Maneno ya upole yapo, nami nimeyatafuta tangu siku ile na kuyapata mengi.

Nilimwambia, "Nenda, mama. Mguu huu ni kazi ya mikono yako. Mavyaa hanipendi, lakini hakunilemaza."

Alinirudishia kanga kinywani, taratibu, akavuta ncha yake isiniguse jicho. Aliaga, akachukua viatu vyake, akaondoka na mvua. Mavyaa alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona hakupendezwa nami kwa jambo nililolitenda mwenyewe. Akapaka mafuta mengine, akaanza moja.

Mama hakuja tena.

Masika yakaisha. Vidole vinne, vitatu. Kusi ikaanza kuvuma, kikawa kidole kimoja. Nilianza kusimama nikishika mnazi, kisha kutembea na mkongojo. Siku moja nilimfuata Zuhura uwanjani na hakukimbia. Hakunijia pia, alinisubiri tu nifike, nikafika, nikakaa karibu yake tukapanga vifuu. Nilikaa pale mpaka jua likanichoma.

Jumanne ya mwisho Sista Mueni alinilaza mezani, akajaribu kupitisha mkono chini ya goti langu, haukupita. Alichukua kadi yangu ya hospitali akaichomeka pale chini, akaivuta, ikagoma kutoka. Hakunipongeza mimi. Alimwendea mavyaa aliyekaa pembeni, akachukua mikono yake miwili, akaigeuza akatazama viganja. "Hii mikono," akasema, "ningeiajiri." Mavyaa aliichomoa, akauliza kama tumemaliza, kwa maana ana fito zake juani. Tulitoka. Mzee wa Funzi hakuwapo kwenye ubao. Nilimuulizia, nikaambiwa ana wiki mbili tangu azikwe.

Nilitembea kutoka barabarani mpaka nyumbani kwa miguu yangu, bila mkongojo. Nilipofika uwanjani nilisimama, nikidhani mavyaa atasema neno. Alinisogezea ndoo. "Maji hakuna," akasema.

Siku zilipopita nilipata ujasiri, nikamuuliza tukiwa tunashona makuti, maana hoteli moja ilikuwa imefunguliwa tena. Nilimuuliza kwa nini alijitaabisha nami na hanitaki. Hakukasirika. "Mama yako alikuwa na huruma nawe," akasema. "Mimi sikuwa nayo. Mguu ulitaka mtu asiyekuwa nayo." Akanisahihisha jinsi nilivyokunja kuti, tukaendelea. Hatupendani hata sasa. Lakini akiumwa kichwa huniita mimi nimkande, wala haiti mwingine.

Msufi wa hapa jirani ulipopasua matunda yake niliokota sufi, nikachambua mbegu kwa siku tatu, nikashona mto. Niliushona mnene, mishono midogo, nikauvika foronya mpya. Nikamchukua Zuhura, nikaenda Kombani.

Mama alikuwa barazani akisuka ukili. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akamshika Zuhura uso akamtazama sana. Alinitandikia mkeka akaniambia nikae, ninyooshe mguu. Aliingiza mkono wake chini ya goti langu, kama alivyomwona Sista akifanya. Haukupita. Alijaribu kwa vidole viwili, kisha kimoja. "Alhamdulillahi," akasema, akauondoa mkono akauweka juu ya paja lake.

Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi. Akasema, radhi ya nini, ulisema kweli. Nilisema haikuwa kweli yote. Akasema, mwanangu, mguu si huo umenyooka? Akaenda jikoni kutupikia wali.

Nilipoingia chumbani kwake kumwekea ule mto nilikuta kitanda hakina mto. Lile gunia la sufi halikuwapo. Palikuwa na mkeka juu ya kamba, basi, na mahali pa kichwa mkeka umelika. Jirani, yule wa mchele, ndiye aliyeniambia: mama yako aliporudi kutoka kwenu siku ile ya mvua, alichana mto mmoja mmoja akazimwaga sufi zote shimoni. Tangu hapo hulalia mkono wake.

Baada ya kula nilimpa mto mikononi. Aliupokea kwa mikono miwili, akaukagua mishono, akaupigapiga kama alivyozoea. Aliniambia nimeshona vizuri.

"Mpelekee mavyaa wako," akasema. "Yeye ana haki ya kulala."

Nilimsihi, hakuutaka. Niliuacha kitandani, lakini tulipofika barabarani Zuhura alikuwa ameubeba, bibi yake amempa bila mimi kuona. Uko kwangu mpaka sasa, na hakuna anayeulalia. Wewe uliye na mgonjwa, usiache kuhesabu kabla ya mia. Na wewe unayekandwa, uma kanga yako, uiume barabara, neno lisitoke. Mimi natembea, nachota maji, naswali na miguu yote miwili imekunjika na kukunjuka ipasavyo. Kila mwezi naenda Kombani na mafuta ya nazi kumkanda mama shingo, maana imeshupaa kwa kulala bila mto. Hulia kidogo nikifika kwenye msuli mgumu. Hajawahi kuniambia niache.